Maswali ya Wasomaji: Ufa Unaorudi Chini ya Puti

SWALI: Nina gari aina ya Lotus Elan ya miaka ya 1960, bodi ya faibaglasi. Juu ya gurudumu la mbele, fundi wa zamani alipachika bati kwa riveti, akafunika kwa puti nene. Kila nikipaka rangi, ufa unarudi. Nifanyeje?
Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Bati litoke. Halitanuki sawa na faibaglasi juani, na kila tundu la riveti huzaa ufa wake. Usitumie dawa ya kubandua rangi. Nyingi hula resini, yaani gundi inayoshika nyuzi za kioo za faibaglasi. Kwangua kwa msasa namba 80 mpaka puti yote iishe. Vaa barakoa ya vumbi, maana nyuzi hizi zinawasha vibaya.

Ufa hutibiwa kutokea ndani. Toboa tundu la milimita 3 kwenye ncha yake, kisha saga kingo kwa mteremko mrefu: bodi ya milimita 3 inataka angalau sentimita 3 kila upande. Hapa ndipo wengi huharakisha, kiraka kikabanduka. Futa kwa asetoni, iache ikauke. Laza matabaka 2 au 3 ya mkeka wa nyuzi za kioo wa gramu 450 kwa mita ya mraba, ukitumia resini ya poliesta mara mbili ya uzito wa mkeka, na ukandamize mapovu kwa rola.

Kwa joto la Mwanza, hadena (dawa ya kugandisha resini) asilimia 1 ya uzito wa resini inatosha. Anza asubuhi, changanya kidogo kidogo. Siku ya mvua, ahirisha. Kabla ya rangi subiri wiki mbili au zaidi, kwani kiraka bado kinanywea.