Jibu: 3RZ kwenye pikapu ya Toyota ya 1985, California

Ndugu, umeuliza kama pikapu yako ya 1985 itapita ukaguzi wa moshi California ukiiwekea injini ya 3RZ kutoka pikapu ya Toyota Tacoma ya 1998. Itapita, mradi ubebe mfumo mzima wa moshi wa Tacoma. Injini ni mpya kuliko gari, na zote mbili ni za pikapu ndogo. Injini iliyo kuukuu kuliko gari haikubaliwi.

Kabla hujalipa, fungua boneti ya Tacoma usome kibandiko cha moshi. Kama pikapu yako ilitengenezwa kwa viwango vya California, injini nayo iwe ya California. Hapa ndipo wengi huumia, wakinunua injini za majimbo mengine.

Injini tupu usiiguse. Chukua na waya zake, kompyuta, katalisti (kisafisha moshi kwenye bomba la ekzosi), sensa za oksijeni za mbele na nyuma, chombo cha mkaa cha mvuke wa petroli na vali yake. Katalisti ikae umbali uleule kutoka kwenye injini. Fundi akiisogeza nyuma ili kukwepa chesisi, inachelewa kupata joto na moshi unatoka mchafu. Taa ya injini iwake dashibodini ukifungua swichi, na soketi ya OBD2, ile ya kuchomeka kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, ifikike kirahisi.

Kituo cha kawaida hakiidhinishi injini iliyobadilishwa. Weka miadi na Refa wa Smog Check, yaani mkaguzi maalumu wa mpango wa ukaguzi wa moshi wa California. Akiridhika, anabandika lebo yake kwenye gari. Usiende siku uliyochomoa betri, maana kompyuta inakuwa haijamaliza kujipima na utarudishwa.