Kamera mpya: anza na fremu 25

Ndugu, umeuliza urekodi kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa familia ya msichana) kwa 4K, yaani picha kubwa yenye nukta nyingi, fremu 60 kwa sekunde, au kwa 1080p, iliyo ndogo zaidi, fremu 25, na kati ya H.264 na H.265, njia mbili za kubana faili za video, uchague ipi. Kabla ya yote ingia kwenye menyu, toa NTSC (mfumo wa fremu 30 na 60), weka PAL (mfumo wa fremu 25 na 50). Umeme wa Uganda ni wa hezi 50. Ukirekodi fremu 30 au 60 chini ya taa za ukumbini, picha inaweza kumetameta, hata mistari ya giza ikatambaa juu ya gomesi (gauni refu la kitamaduni) ya bibi harusi. Weka fremu 25, na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Fremu 50 ziache kwa wacheza ngoma, ukitaka kupunguza mwendo nusu. Hapo shata iwe 1/100.

4K inakupa nafasi ya kukata kingo za picha baadaye, lakini kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja inakula GB 45 hivi. Na kwanjula unaijua, haiishi mapema! Kwa mteja atakayetazama kwenye simu, mimi ningempa 1080p.

H.265 hubana faili zaidi, ila laptopu kuukuu hukwamakwama wakati wa kuhariri. Kama yako ni hiyo, baki na H.264.