Barua ya hakimiliki ikikukuta chuoni Marekani

Msomaji mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huko Marekani, ameandika kwa hofu. Intaneti ya bwenini imekatwa, na barua pepe ya chuo inataja albamu aliyoshusha kwa torenti, saa na anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha kifaa mtandaoni. Anauliza: wamenijuaje?

Ndugu yangu, hakuna aliyeingia kwenye kompyuta yako. Programu ya torenti, ile ya kugawana faili na watu wengine mtandaoni, haishushi tu. Kila kipande unachopata inawagawia wengine papo hapo, na huko kugawa ndiko kunakokuumbua. Mawakala wa kampuni za muziki hujiunga na kundi lilelile la wagawaji, wakanukuu anwani ya IP na saa, kisha wakapeleka taarifa chuoni kwa mujibu wa DMCA, sheria ya Marekani ya 1998 kuhusu hakimiliki mtandaoni. Chuo hulinganisha saa hiyo na kumbukumbu za mtandao wake. Uliingia Wi-Fi kwa akaunti yako ya chuo, basi jina lako limo. Kampuni yenyewe kwa hatua hii ina namba tu, haina jina.

Kwanza zima torenti kabisa. Kufunga dirisha hakutoshi, nyingi hubaki zikifanya kazi kimyakimya pembeni mwa skrini. Nenda kwenye mipangilio uondoe ile ya kujiwasha kila kompyuta inapowaka. Kama una ruta yako chumbani, iwekee nenosiri au ichomoe, kwa sababu atakachoshusha mwenzako kitaandikwa kwa jina lako. Kisha jibu kabla ya siku waliyokupa, na useme kweli. Mara nyingi kosa la kwanza huishia kwenye onyo, kufuta faili na somo fupi.

Lakini barua ikitaja fidia, au ikikutaka uhifadhi ushahidi, usifute kitu na usilipe. Ipeleke ofisi ya msaada wa kisheria ya wanafunzi siku hiyohiyo. Sheria inaruhusu fidia ya dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi ya sanaa, na hadi 150,000 ikiwa ulikusudia. Mwaka 2009 baraza la mahakama (jury) huko Boston lilimtoza mwanafunzi Joel Tenenbaum dola 675,000 kwa kushusha na kugawa nyimbo 30. Hesabu mwenyewe: dola 22,500 kwa wimbo mmoja! Ninawasihi wadogo zangu mnaokwenda kusoma kwa ada ya kuungaunga, msicheze na jambo hili. VPN, programu ya kupitisha intaneti yako kwa njia ya siri, nayo inaficha anwani tu. Kosa linabaki palepale.

Njia halali zipo, na baadhi umeshazilipia kwenye ada. Sheria ya elimu ya juu ya 2008 inakitaka chuo kuwaonyesha wanafunzi njia mbadala kadiri kinavyoweza, kwa hiyo tafuta ukurasa huo kwenye tovuti yao. Maktaba nyingi za vyuo hulipia Naxos Music Library, hazina ya muziki wa kusikiliza mtandaoni. Idadi ya wanaosikiliza kwa pamoja huwa na kikomo, hivyo ukikataliwa jaribu baadaye, na ukimaliza toka kwenye akaunti, usifunge dirisha tu. Kadi ya maktaba ya mji nayo mara nyingi hufungua huduma za muziki za Hoopla au Freegal bila malipo.

Spotify na Apple Music wana bei ya mwanafunzi, kwa muda usiozidi miaka minne. Spotify hukutaka uthibitishe uanafunzi kila baada ya miezi 12. Ukisahau, unarudishwa bei kamili. Nyimbo ulizohifadhi humo si mali yako: usipounganisha simu na intaneti angalau mara moja katika siku 30, hazitapiga.

Jambo linalosahauliwa sana ni hafla za jumuiya zetu. Akaunti ya Spotify ni ya matumizi binafsi, haimruhusu DJ kupiga ukumbini. Kiulizeni chuo kama leseni zake za ASCAP, BMI na SESAC, mashirika yanayokusanya malipo ya watunzi, zinagusa ukumbi huo. Wala msidhani Bongo Fleva haina mwenyewe ughaibuni: Kenya iliingia Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1993, Tanzania 1994, na Marekani imo pia. Leseni hizo za ASCAP na wenzao ni za kupiga muziki mbele ya watu tu. Video ya hafla yenye wimbo nyuma yake inahitaji ruhusa nyingine, ya mtunzi na ya mwenye rekodi, kabla hamjaiweka mtandaoni.