Nilivalishwa medali, lakini fomu yangu ya jeshi haizitaji

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni. Nilikwenda Marekani kwa grinkadi ya bahati nasibu, nikajiunga na jeshi lao la nchi kavu, nikatoka 2009 na sasa nimerudi nyumbani Mombasa. Nilikuwa dereva wa malori, na Iraki nilikaa karibu mwaka mzima, Oktoba 2005 hadi Oktoba 2006. Juzi niliitoa DD 214 yangu, ile fomu ya kutoka jeshini, sandukuni ili niombe matibabu ya masikio, nikaona mahali pa medali pana vitu vitatu vya kawaida tu. Medali ya Iraki haimo. ARCOM, medali ya pongezi ya jeshi la nchi kavu, niliyovalishwa mbele ya kikosi haimo, na cheti chake kimeliwa na mchwa. Beji ya mapambano haimo, ilhali msafara wetu ulilipuliwa kwa bomu la kando ya barabara. Tena sajini wangu aliniahidi Nyota ya Shaba, medali ya ushujaa au utumishi bora vitani. Nimeambatisha picha ya fomu na barua ya kurasa nne niliyowaandikia. Niitume wapi, na je, sijachelewa?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Barua hiyo usiitume kwanza. Umefunga mambo manne katika furushi moja, na karani atakayelifungua atakwama kwenye lile gumu kabla hajalifikia lile jepesi. Kila medali ina ushahidi wake na mlango wake.

Lakini kabla ya medali, masikio. Maombi ya matibabu kwa VA, idara yao ya askari wastaafu, yapeleke sasa hivi, usingoje fomu irekebishwe. Nimeona watu wakikaa miaka miwili wakisubiri karatasi ikamilike huku haki yao ya matibabu imelala.

Sasa tazama picha uliyonitumia. Umekodolea macho kisanduku 13, cha medali, ukahuzunika. Shuka hadi kisanduku 18, cha maelezo. Katikati ya zile herufi ndogo zilizobanana kama dagaa kuna mstari unaosema ulitumikia Iraki, 20051009 hadi 20061002. Hiyo ni tarehe kwa mtindo wao: mwaka, mwezi, siku. Yaani fomu ileile inayokunyima medali ya Iraki ndiyo inayoshuhudia kwamba ulikuwapo. Sharti la medali hiyo ni siku 30 mfululizo au 60 za kujumlisha ndani ya mipaka ya kampeni, kati ya 19 Machi 2003 na 31 Desemba 2011. Wewe una karibu siku 360. Ungekuwa ulikaa Kuwait tu ningekwambia habari nyingine, kwa sababu Kuwait haihesabiwi kwenye medali hii.

Na usiombe medali tupu. Vita vya Iraki viligawanywa na jeshi lenyewe katika vipindi, na kila kipindi ulichoshiriki kinakupa nyota ndogo ya shaba ya kubandika juu ya utepe, ambayo siyo ile medali ya Nyota ya Shaba uliyoahidiwa. Kipindi kimoja kiliishia 15 Desemba 2005, kilichofuata kikaanza kesho yake hadi 9 Januari 2007. Tarehe zako zinagusa vyote viwili. Kwa hiyo ombi lako liseme: medali ya kampeni ya Iraki pamoja na nyota mbili. Zitaje, maana usilolitaja ni rahisi kupitwa.

Ombi hili moja lipeleke kwa kamandi ya rasilimali watu ya jeshi, iliyoko Fort Knox, Kentucky, pamoja na nakala ya DD 214. Kosa likiwa wazi namna hii, hakuna haja ya kesi. Wanachokutumia hakiwi DD 214 mpya, bali DD 215, karatasi ya ukurasa mmoja inayosema kisanduku fulani kiongezwe kitu fulani. Wengi wakiiona hudhani wamepuuzwa. La. Ibanie nyuma ya DD 214, na tangu siku hiyo hizo mbili hutembea pamoja.

ARCOM ni kazi zaidi. Nikuambie jambo ambalo maveterani wengi hawalipendi: gwaride halithibitishi medali, wala picha ya kanali akikubania kifuani. Kinachothibitisha ni amri iliyoandikwa, yenye nambari na tarehe. Kwa ARCOM amri hiyo huwa kwenye fomu iitwayo DA 638, ile ya kupendekeza tuzo, ikishatiwa saini ya kuidhinisha. Mara nyingi nambari yake huchapwa pia chini ya cheti kwa herufi ndogo. Kwa bahati mbaya mchwa wa Kisauni wameanzia hapohapo. Kitoe kwenye fremu hata hivyo ukiangalie kwenye mwanga. Nambari ikionekana nusu, iandike hiyo nusu, itamsaidia mtafutaji.

Kisha omba faili lako zima la utumishi. Fomu ni SF 180, na faili huombwa kituo cha taifa cha kumbukumbu za watumishi, St. Louis, Missouri. Usiombe DD 214 pekee, hiyo unayo. Omba faili lote, na utaje kwamba unatafuta amri za tuzo. Usisahau kutia saini kwa mkono, maana bila saini hawakupi. Wazee wa zamani huogopa kituo hiki kwa sababu ya moto wa 12 Julai 1973 uliounguza mafaili kati ya milioni 16 na 18. Lakini kwa jeshi la nchi kavu ule moto uliwapata waliotoka kabla ya 1960. Wewe haukukugusa.

DA 638 ikipatikana, nayo ipeleke Fort Knox kama ya kwanza. Isipopatikana, au wakikukatalia, ndipo unapanda kwa bodi ya kurekebisha kumbukumbu za kijeshi, Arlington, Virginia, kwa fomu DD 149. Bodi hutaka uwe umebisha milango ya chini kwanza, kwa hiyo ambatisha barua ya kukataliwa. Ina pia wafanyakazi wanaopitia faili kabla ya kikao, na kosa lililo wazi huweza kurekebishwa na wao wenyewe bila bodi kupiga kura.

Kuhusu kuchelewa: sheria inatoa miaka mitatu tangu ulipogundua kosa, si tangu ulipotoka jeshini. Andika tarehe ya kweli uliyogundua. Hata miaka mitatu ikiwa imepita, bodi inaweza kusamehe kwa ajili ya haki, na husamehe mara nyingi pale karatasi zinapojieleza. Majibu yanataka subira. Sheria inawataka wamalize asilimia 90 ya maombi ndani ya miezi 10, na yote ndani ya miezi 18.

Gharama ni sufuri. Akija mtu mjini akakwambia kuna ada ya bodi, mwambie akuonyeshe risiti ya Arlington. Wakili unaweza kumtumia, si lazima. Lakini saiba ujihadhari. DD 214 ina nambari yako ya hifadhi ya jamii, na mimi mwenyewe niliwahi kufungua kompyuta ya saiba moja hapa mjini nikakuta fomu ya mtu imeachwa kwenye skrini, na kila kitu chake. Skani kwa simu yako mwenyewe ukiweza. Nakala halisi hazitoki nyumbani, na zihamishe kutoka kwenye hilo sanduku la mvunguni kabla mchwa hawajamaliza.

Nyota ya Shaba iache pembeni. Ahadi ya sajini si tuzo, na kuiomba leo si kurekebisha kumbukumbu. Ni pendekezo jipya lililochelewa. Mlango upo, ila hupitia kwa mbunge wa Marekani, kwako wewe yule wa jimbo ulilokaa mwisho, na anayependekeza awe kiongozi wako wa wakati ule mwenye kuujua ushujaa wako. Ukimpata huyo sajini, tutazungumza.

Imebaki beji ya mapambano, CAB, na hii ndiyo ningeipigania kuliko zote, kwa sababu yenyewe ni ushahidi kwamba ulikuwa vitani, na VA wanaposikiliza habari za masikio yaliyopigwa na mlipuko ushahidi huo una uzito. Hailetwi na kukaa Iraki. Lazima uwe ulikuwapo mwenyewe adui aliposhambulia. Watakachotaka ni siku, barabara, kikosi, na watu wawili waliokuwa pale. Watafute wenzako wa msafara. Kila mmoja aandike kwa maneno yake, kwa Kiingereza, alichokiona kwa macho yake, kisha atangaze mwishoni kwamba anasema kweli chini ya adhabu ya uongo kwa sheria za Marekani, atie saini na tarehe. Tamko la namna hiyo sheria yao inalikubali, hata likiandikwa nje ya nchi, bila muhuri wa ubalozi, basi usipande SGR kwenda Nairobi kwa ajili hiyo.

Na ile barua yako usiitupe. Kurasa mbili za kwanza ni malalamiko, ya nne ni shukrani. Lakini ukurasa wa tatu, unapoeleza lori la mbele lilivyoinuka, vumbi likafunika kioo, nawe ukawa unaona midomo ya mwenzako ikisogea bila kusikia sauti, huo ndio taarifa ya tukio. Uchomoe, ongeza tarehe na jina la barabara, utie saini.