Mwanangu ameitwa mchongezi, ana kosa gani?

SWALI: Assalam aleikum bi mhariri. Mimi ni mama wa hapa Langoni, Lamu. Kijana wangu amerudi kutoka chuoni, yaani madrasa, analia, ati wenzake wamwita mchongezi kwa sababu alimwambia maalim wale wakubwa huwapokonya wadogo pesa za mahamri. Babake asema amekosea, mambo ya watoto yaishe kwa watoto. Mchongezi ni nani hasa? Na ni sawa na mdaku?

JIBU: Waaleikum salaam dadangu, na mpe pole kijana.

Mchongezi yatoka kwa chongea, kama vile tembea ikatoa mtembezi. Sasa sikiza tunavyosema, "amenichongea kwa tajiri wangu", hapo pana watu watatu, anayesema, anayesemwa, na yule mwenye uwezo wa kuadhibu, huyo wa tatu asipokuwepo hakuna uchongezi. Mdaku ni mwengine, yeye kazi yake kuchungua ya watu na kuyatembeza barazani basi. Vijana siku hizi wasema "amenichoma", maana ni ile ile ya kuchongea.

Lakini neno hili lina nia ndani yake na hapo ndipo watu wengi hawaangalii. Mchongezi husema ili mwenzake aumie ama yeye apendwe, na akisema hutia chumvi. Ndio Qur'ani, Surat Al-Qalam aya ya 11, ikamtaja mtapitapi apitaye akifitini. Mtoto wako hakufitini mtu! Amesema kuna dhulma, na Surat An-Nisaa aya ya 148 yasema Mwenyezi Mungu hapendi maneno mabaya yatangazwe isipokuwa kwa aliyedhulumiwa, yaani mwenye kudhulumiwa ana ruhusa ya kusema. Wale wakubwa wamelichukua neno la aibu wakaliweka mdomoni mwa wadogo wanyamaze, na mtoto akizoea kunyamaza kwa pesa ya mahamri, siku akiguswa vibaya pia atanyamaza, hili laniuma sana.

Babake mwambie watoto wadogo hawawezi kumaliza jambo na mtu aliyewazidi nguvu. Nawe nenda kwa maalim, umuombe awaite wale wakubwa pembeni na asitaje jina la aliyemwambia, hapa wengi wa maalim hukosea. Na mfundishe kijana namba 116, ni simu ya bure ya watoto Kenya nzima, apige hata kama ni jambo la nyumbani.