Maswali ya Wasomaji: Vumbi Jeusi Ndani ya Boila ya Gesi

SWALI: Kwako Mshauri, baada ya salaam. Ninaishi Leicester, Uingereza, katika nyumba ya zamani yenye boila ya gesi (mtambo wa kupasha maji na nyumba joto). Tangu baridi ianze, boila imekuwa ikijizima yenyewe, na fundi aliyeifungua alikuta vumbi jeusi kwenye kichujio kidogo cha valvu ya gesi. Jirani ananishauri ninunue chujio la gesi nilifunge mwenyewe, popote kwenye bomba. Je, ni sahihi, ilhali chini ya boila tayari kuna chujio la sumaku?
Msomaji, Leicester

JIBU: Salaam zimefika. Tuanze na hilo chujio la sumaku, kwa kuwa linawachanganya wengi. Kazi yake ni kunasa tope la chuma linalozunguka katika maji ya kupasha nyumba joto. Halikutani na gesi hata kidogo, na kwa hiyo haliwezi kuizuia valvu isiingie vumbi.

Ama kuhusu chujio la gesi, linafaa, lakini mahali pa kulifunga hutegemea uchafu unakotoka, na hapo ndipo ushauri wa jirani yako unapokosea. Mwombe fundi akuwekee vumbi hilo kidogo juu ya karatasi nyeupe, kisha apitishe sumaku chini yake. Chembe zikiifuata sumaku, yaelekea ni kutu ya chuma, iliyotoka kwenye mabomba ya mtaani au kwenye kipande cha bomba la chuma kilichobaki ndani ya nyumba. Mabomba ya chuma ya mitaani Uingereza ni ya tangu enzi ya gesi ya makaa ya mawe, ambayo ilikuwa na unyevu. Nchi ilipohamia gesi asilia, iliyo kavu, kati ya 1967 na 1977, masalia yaliyokuwa yameganda ndani yake yalikauka na mengine yakawa vumbi. Tangu 2002 upo mpango wa miaka 30 wa kubadilisha mabomba ya chuma yaliyo karibu na majengo na kuweka ya plastiki, ambayo hayashiki kutu.

Zikiwa ni magamba membamba meusi yasiyojali sumaku, shuku salfaidi ya shaba, yaani shaba iliyoungana na salfa. Gesi huwa na kiasi kidogo sana cha hidrojeni salfaidi (kanuni za Uingereza za 1996 zinaruhusu isizidi miligramu 5 kwa mita moja ya ujazo), nayo kwa miaka mingi huweza kuila shaba ya mabomba ya ndani, hadi magamba yabanduke na kusafiri na gesi. Katika hali hiyo chujio lililofungwa pale kwenye mita halitakusaidia kitu, kwa sababu uchafu unazaliwa mbele yake. Linapaswa kuwa karibu kabisa na boila. Kwa kutu ya mtaani ni kinyume chake: chujio likae mara tu baada ya mita, likinge na jiko pia. Niongeze kwamba wakati mwingine mkosaji ni fundi mwenyewe, aliyekata bomba bila kulipuliza, akaacha vibanzi vya shaba na vipande vya tepu ya kuzibia maungio.

Liko pia suala la shinikizo. Gesi hutoka kwenye mita ya nyumbani kwa shinikizo la takriban milibari 21 (milibari ni kipimo cha shinikizo), na kutoka hapo hadi kwenye boila inaruhusiwa kupungua milibari 1 tu vifaa vyote vikiwaka kwa nguvu. Chujio dogo kupita kiasi, au lililojaa, hula kiasi hicho peke yake, na boila ikaanza kujizima kwa ajili ya dawa uliyoipa. Machujio mengi huzuia chembe za mikroni 50 (yaani milimita 0.05) na kuendelea. Chagua lenye ukubwa unaolingana na matumizi ya boila yako, na lenye vitundu vya kupimia shinikizo kabla na baada yake, ili katika matengenezo ya kila mwaka ijulikane kama limeziba.

Usitarajie, hata hivyo, kwamba chujio litazuia maji. Desemba 2022, huko Stannington, Sheffield, bomba kuu la maji lilipasuka na maji yakaingia katika mabomba ya gesi, na mitaa mizima ikakosa gesi katika baridi kali. Chujio la nyumbani lisingefua dafu mbele ya mafuriko kama hayo.

Usilifunge mwenyewe. Kazi hiyo ni ya fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register, orodha rasmi ya mafundi wa gesi Uingereza, na mwambie aangalie pia kama valvu bado inafunga sawasawa, kwa kuwa chembe ikikwama katika kikalio chake, pale inapokaa ikifunga, gesi huendelea kupenya hata boila ikiwa imezimwa. Ukisikia harufu ya gesi, funga gesi kwenye mita, fungua madirisha, usiguse swichi ya umeme, toka nje ndipo upige 0800 111 999, namba ya dharura ya gesi.