Silikanti ndugu yetu kuliko changu? Ndiyo, shika mifupa uone

Mdogo wangu wa kidato cha tano uliyeuliza kwa nini silikanti, yule samaki wa kale wa maji ya kina, anahesabiwa ndugu yetu wa karibu kuliko samaki changu, na wote ni samaki, weka daftari pembeni, ingia jikoni.

Nimekulia Kigombe, Tanga. Nilikuwa bado shule ya msingi siku jarife la baba mdogo liliponasa silikanti, kabla hifadhi ya bahari ya silikanti haijatangazwa huku mwaka 2009. Bluu iliyokoza, mabaka meupe, magamba yanakwaruza kama msasa. Nilishika pezi lake la kifuani: lilikuwa limejaa nyama, kijimkono kabisa. Chuoni ndipo nilipojua kwamba ndani yake kuna mfupa mmoja ulioungana na bega, mingine inafuatia.

Sasa vua nyama bawa la kuku. Mfupa mmoja, halafu miwili, halafu vifupa vya kiganja. Papasa mkono wako, hesabu ni ileile. Hata pomboo, kwa nje unaona kasia, kumbe ndani vidole vimo. Mpasue changu: miiba ya pezi imeshikwa na vifupa vifupi vilivyojipanga begani, hakuna mfupa mmoja unaobeba wote. Papa ndiyo kabisa, mifupa hana, ni gegedu tupu. Kuogelea bahari moja hakumfanyi mtu kuwa ukoo mmoja na mwenzake.

Na unaposikia kodata, kundi la wanyama ambalo sisi na samaki wote tumo, usikimbilie pingili za uti wa mgongo. Tafuta notokodi, yaani ufito unaopita mgongoni, neva yenye uwazi ndani inayopita juu yake, matundu ya koo, na mkia unaovuka njia ya haja kubwa, hata kama vipo utotoni tu. Sisi notokodi yetu hutokea tukiwa tumboni, kisha pingili huchukua nafasi. Silikanti huzeeka nayo. Baba mdogo alipompasua, kisu hakikugonga pingili kama za jodari; kilikata bomba, majimaji yakachuruzika.

Kuna na tunikata, wanyama walio kama vifuko laini vinavyoganda kwenye kamba za maboya, ukivibonyeza vinatema maji. Kichanga chake huogelea kama kiluwiluwi, notokodi imo mkiani. Akishapata pa kuganda, mkia wote humezwa na mwili wake. Wanafunzi wangu wengi humwandika pamoja na wanyama wa sponji, na kila mwaka nawakata maksi. Yule ni kodata.